Kona ya Chini, Mkono wa Kulia

Mimi ni mchora mabango. Bondeni wananijua:
"Kinyozi Safi", "Nyama Choma Hapa", "Usikojoe Ukutani".
Ukiona herufi S yenye mkia kama wa kinyonga
huo ni mkono wangu, na chini, kulia, pameandikwa: Wesonga.

Basi waliponiita Mariashoni kuupamba ukuta wa ukumbi
nilipanda na makopo saba na picha tayari kichwani:
mzee wa Kiogiek, ngozi ya pimbi begani,
upinde, mshale, msitu nyuma, jua linazama.
Niliitoa kwenye kalenda ya benki.

Tabutany, muuza viazi, mikono ingali na udongo,
aliikagua karatasi yangu kama anayeshuku noti.
"Huyu ni wa ukoo gani?"
Sikujua.
"Mizinga yake iko mteremko upi?"
Sikujua.
"Basi ni mgeni. Mpe chai. Lakini ukutani asipande."

Watu walicheka. Nami nikacheka, masikio yakiwaka.
Ndipo nikauliza, kwa kuchelewa, nichore nini.
Kimya. Mvua ikapita juu ya mabati, ikarudi.
"Wewe koroga rangi," akasema.

Siku tatu nilikoroga rangi.
Mimi, fundi wa miaka kumi na tisa,
niliosha brashi za watoto, nilishika ngazi,
nikajifunza kwamba kijani si kimoja:
kuna cha mutarakwa, kuna cha mianzi alfajiri,
na kuna cha miche ya msonobari iliyopandwa
pale palipokuwa na jiko la mama yako.
Hicho cha mwisho walitaka nikizidishie maji
mpaka kionekane kimeugua.

Siku ya pili akaja Kirorei.
Mkewe anasema mumewe husimulia kila kitu,
hata deni la dukani,
ila si ile mizinga arobaini na moja
iliyowaka na nyuki ndani.
Hakutaka brashi. Alichovya kidole kwenye nyeusi
akaweka tundu. Tundu tu, dogo, la duara,
kimo cha uso wake.
Akaweka jingine. Jingine.
Sisi tukaacha kuhesabu, yeye hakuacha.
Kwenye la thelathini na kitu akasema, akiuelekea ukuta:
"Huu ulikuwa wa baba."
Binti yake akasogea na manjano.
Hakusema pole. Akaweka nyuki mmoja
mlangoni mwa tundu, akitoka.
"Anaingia," Kirorei akasahihisha.
Binti akamgeuza.

Sitasema walipona. Mimi si daktari,
na kesi ya ardhi haifutwi kwa brashi.
Nasema tu kwamba jioni ile hakuna aliyekimbilia kwake.
Mtu akaanza kutaja majina ya vijito,
mwingine akamkatiza, si hapo, ni ng'ambo ya pili,
ugomvi ukanoga,
na wanawake wenye shanga mapajani
wakabishana nani alifundishwa na nani mshono ule
mpaka sindano zikakosa mwanga.

Kuna sehemu, karibu na mlango, iliyobaki tupu.
Niliuliza kama rangi imewaishia.
"Hapo pana jambo," alisema Tabutany,
"ila si la macho ya kila mpita njia."
Nikafunga kopo.

Nikikunja ngazi, mtoto akanishtua:
"Fundi, hujaandika jina lako!"
Kidole kilikuwa kimeshachovya.
Kona ya chini, mkono wa kulia,
pale S yangu hupenda kukunja mkia.
Nilikifuta kwenye suruali.

Nimerudi Bondeni. Kinyozi mpya anataka herufi nyekundu, leo leo.
Namuuliza kwanza: hili jina la duka,
nani alikupa?
Ananitazama.
Anazima redio, anavuta kiti.