Mshono wa Kwapani

Walinikuta ghorofa ya chini, mjini Borås,
katika kiwanda kilichofungwa mwaka mama alipozikwa,
wakaniambia: Gunvor, wewe unajua nguo,
sisi tunajua mwili. Tushirikiane.
Nikasema haya.
Pini zikiwa mdomoni mtu hasemi mengi.

Wakavua viatu.
Tyra akatulaza juu ya mikeka yenye nyaya,
joto likapanda kutoka kisigino hadi kisogo,
polepole, kama maziwa yanayokaribia kuchemka,
naye akanong'ona: sikilizeni uzito wa bega la kushoto.
Nilisikiliza.
Bega langu halikuwa na la kusema,
lilikuwa na miaka thelathini na minne ya mkasi.

Nimesahau kusema ilikuwa Novemba,
saa tisa alasiri na giza tayari.

Kizibao walichotaka ni cha wapakiaji wa ghala nje ya mji:
kinachokubana kidogo ukiinama vibaya,
kinachopumua ukipumua,
kinachokujua.
"Teknolojia inayoanzia kwenye ngozi," alisema Tyra,
na sikumcheka, kwa kuwa aliamini,
na kwa kuwa hata mimi naanzia hapo.
Lakini ngozi ya nani?
Karatasi ya kukatia ilichorwa kwa mwili wake yeye:
miaka ishirini na tisa, mwogeleaji, mgongo haujawahi kudaiwa.
Mtu akijipima mwenyewe
ulimwengu wote humtosha.

Ingalill alikuja kujaribisha siku ya Jumanne,
bado ana vumbi la maboksi kwenye nyusi.
Titi la kulia lilikatwa mwaka juzi.
Kizibao kikatafuta pumzi upande huo, hakikupata kitu,
kikabana. Kikabana tena.
Kwenye kioo cha kompyuta mstari ukawa mwekundu:
mkao mbaya.
"Si mkao," akasema Ingalill. "Ni kovu."

Kimya. Kuna mtu alizima birika.

Kisha akauliza, mikono bado kaiinua
kama mtoto anayevishwa sweta:
na huu mstari, nikishatoka hapa, unakwenda kwa nani?
Tyra akaitazama mikeka.
Melker wa kampuni ndiye aliyejibu, tena vizuri,
sentensi ndefu, zimepigwa pasi:
msimamizi hataona jina, ataona wastani tu.
"Zamu ya usiku tuko watatu," akasema Ingalill.
"Wastani wa watatu una majina."

Hapo ndipo nilipotema pini.
Nikasema nimepima makwapa ya wanawake wa mji huu
kabla Melker hajaota meno, na kwapa halidanganyi:
hapo ndipo nguo huchanika kwanza,
hapo jasho la hofu na jasho la kazi hupanga chumba kimoja,
na mshoni mwenye adabu akishaona, hufumba mdomo.
Nguo hii haijafundishwa kufumba mdomo.

Sijui kama walielewa. Melker aliandika kitu.

Walipoondoka nikawasha taa ya cherehani.
Ndani ya bitana nyuzi ni mbili:
moja hupasha mgongo joto,
nyingine hupeleka habari.
Kwa jicho ni pacha, zote za kijivu.
Kwa kidole sivyo: ya pili ina ubaridi wa kijiko.
Niliifumua tundu kwa tundu, kuanzia kwapani,
nikaizungushia kijiti kitupu,
na upande wa kulia nikaachia nafasi,
kovu likae bila kuulizwa.

Ingalill alikivaa Ijumaa.
"Kimenyamaza," akasema.
Akainama vibaya, makusudi, mara mbili,
akainuka na boksi.
Kizibao kilikaa na joto lake.

Uzi ule ninao, kwenye kopo la vifungo.
Melker amepiga simu mara tatu.
Nikipokea nitamwambia aje mwenyewe,
avue shati,
anyooshe mikono,
nimpime.