Gauni la Nyemo

Nililinunua mnadani Handali
Nyemo akiwa na miaka miwili,
likawa linazoa vumbi.
Nikasema, atalijaa.

Leo ana minne na nusu,
bado linampwaya mabegani.
Mama Chiduo akanisifu kisimani:
"Unajua kutunza nguo, gauni limedumu!"
Nikacheka.
Usiku neno likanirudi, limegeuka mkiani:
amedumaa.

Kliniki walimlaza kwenye ubao.
Nesi akanyoosha magoti, akasoma, akasoma tena.
Hakunigombeza. Aliuliza tu:
"Asubuhi anakula na nani?"

Na dada yake wa miaka saba,
uji wa uwele uliolala,
mimi nikiwa shamba kabla ya jogoo,
tumboni nina mwingine
aliyemwachisha ziwa mapema.
Mayai? Mama mkwe alikataza:
mtoto akila yai hukawia kusema.
Tukauza, tukanunua sabuni.
Karanga zilitoka kwa debe,
zikarudi harufu ya pombe kinywani mwa Ndahani.

Lakini hatukulala njaa, nesi. Andika hivyo.
Mlenda haukukosa hata jioni moja.

Jana nilichota karanga konzi tatu
kabla debe halijafungwa.
Ndahani akasema, "Hizo za kuuza."
Nikasema, "Hizi ni urefu wa Nyemo."

Hakujibu.
Alitazama kambani, gauni likipepea,
akalipima kwa shubiri,
shubiri tatu na vidole,
akaingia ndani.

Alfajiri nikakuta kinu
kimesogezwa karibu na jiko,
na maganda ya karanga chini.