Kifurushi cha Gocha

Saa tano na robo usiku, Kutaisi.
Ghorofa ya pili ya masijala
hita inakohoa chini ya dirisha
na Nestani anangoja mfumo ujivue gamba.
Asilimia sitini na moja.
Sitini na moja.
Sitini na moja tangu alipokwenda kuchemsha chai.

Kisha mistari myekundu:
kifurushi fulani, kisichotoka ghala rasmi,
kimeng'ang'ania maktaba ya zamani,
na mpya haiwezi kuketi palipokaliwa.
Mfumo umekwama kizingitini,
mguu ndani, mguu nje,
hauingii, wala haurudi ulikotoka.

Analisoma jina la kifurushi. Analisoma tena.
Huu ni mkono wa Gocha.

Mwaka ule bomba lilipasuka darini,
madaftari ya ndoa ya karne nyingine yakalowa chepechepe.
Waliyaanika kurasa kwa kurasa, kwa vibanio vya nguo,
wakaanza kuyanakili kwenye kompyuta,
wakagundua kwamba herufi za kale,
zile zilizostaafishwa kabla bibi zao hawajazaliwa,
mashine haizijui.
Gocha akasema, nipeni usiku mmoja.
Akaokota kitu pembe fulani ya mtandao,
akakishona kwa uzi wake mwenyewe,
na mfumo ulipouliza, una hakika?
akabonyeza ndiyo
kwa kidole chenye mafuta ya mkate wa jibini.
Asubuhi herufi zilikuwa zimesimama,
kila moja na mkia wake.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Huyu alikaa miaka tisa.
Jembe alilishika, akalima kwelikweli,
ila hakuna aliyemwandika popote,
na leo ukuta unavunjwa
ndipo anaonekana: kumbe ni nguzo.

Anampigia. Thesaloniki, saa mbili nyuma yake,
Gocha anashusha makabati kutoka kwenye lori.
"Kifurushi gani?"
Anamwelezea. Kimya. Mtu anapiga kelele kwa Kigiriki.
"Kile? Bado kipo? Kile kilikuwa cha wiki moja tu!
Kifute, Nestani. Kifute ulale."

Anaandika amri. Kidole kinasita
kama kinachotaka kubisha hodi kwenye nyumba yenye msiba.
Anabonyeza.

Sitini na mbili. Sabini.
Chai imeota utando.
Saa nane kasoro mfumo unaamka na uso mpya,
naye anafungua daftari la kwanza,
amejiandaa kukuta vijisanduku vitupu
katikati ya majina ya maharusi.

Herufi zote zimo.
Mfumo mpya umekuja nazo mwenyewe;
huenda ulikuwa nazo tangu matoleo mawili yaliyopita,
ukizileta mlangoni kila mara,
na kila mara mgeni akijibu: hapa pana mtu.

Anakaribia kioo, miwani kwenye paji la uso.
Zimo, safi, zimenyooka.
Ila ile ya mwisho, mkia wake
ni mfupi kidogo kuliko ule wa Gocha.