Aya Iliyorukwa

Kila Ijumaa barua ya shule hufika imekunjwa mara nne,
ina doa la siagi, inanuka glavu zilizolowa.
Kinga huilainisha mezani kwa kiganja,
hukohoa kidogo kama mtangazaji,
kisha hunisomea kwa Kipolandi
walichokiandika kwa Kiaislandi.

Chawa wameonekana darasa la pili, tuchane nywele.
Ásgrímur kang'oka jino mpirani,
jino halijapatikana, atakayeliona alipeleke ofisini.
Bwawa limefungwa mpaka bomba litengenezwe.
Mwalimu Steinvör anashukuru kwa maboksi ya mayai,
yametosha sasa, jamani, yametosha.

Nasikiliza huku vidole vikichambua miiba hewani.
Havijui kwamba zamu ya kiwandani imekwisha.

Halafu akaruka.
Nilimwona. Jicho lilishuka hadi aya ya chini,
ile yenye mchoro wa jua pembeni,
likarudi juu mbio kama mguu uliokanyaga kaa.
"Basi," akasema. "Mengine ni ya wenyewe."

Ya wenyewe.
Miaka mitatu chini ya mlima huu
lugha yao naisikia kama redio ya jirani,
ukuta katikati.
Lakini neno "wazazi" nalijua, halikosi barua hata moja.
"Alhamisi" naijua. Tarakimu hazihitaji mkalimani.
Na jua, nani hapa asiyelijua jua?
Lilizama nyuma ya mlima mwezi wa Novemba
na tangu hapo halijagusa bati la mtu.

Alipolala niliitandaza barua chini ya taa ya jiko,
nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno,
kama mtu avukaye barafu ya Aprili.
Siku jua litakaporudi kwenye ngazi za shule,
wazazi waje. Chapati za maji. Kahawa.
Kila mtoto atasimama na mtu wake.

Mwaka jana nilisema nitakuja.
Mashine ikakwama, samaki wakajaa mkanda,
na msimamizi hakuniangalia hata usoni.
Jioni Kinga akatoa mfukoni kitambaa cha karatasi,
ndani yake chapati moja, baridi, imechanika.
"Hukukosa kitu," akasema. "Yalikuwa mawingu tu."
Nami nikaamini, tena upesi,
jinsi mdaiwa anavyoamini kwamba deni limesahauliwa.

Sasa sijui: aliruka aya ili nisiaibike,
au ili asinisubiri?
Sikumuuliza. Niliandika kwenye kipande cha kukata chini,
herufi zangu zimelewa, mojawapo imekosa kofia:
Mama wa Kinga anakuja.
Nikakisukumia mkobani, chini ya viatu vya ndani.
Dorota nikamuuzia Jumamosi zangu mbili
kwa asubuhi moja ya Alhamisi.

Nilifika nimeoga mara mbili na bado nanuka chewa.
Watoto wamepangwa ngazini, sahani mikononi,
nyuso zote zimeelekea pengo la mlima.
Kinga aliniona. Hakukimbia.
Alishuka ngazi moja moja, akasimama kando yangu.
"Nani amekusomea?"
"Nimesoma mwenyewe."
Akatafuna hilo kwa muda, pamoja na chapati.

Tukangoja. Saa nne ikapita, na robo ikapita.
Pengo lilikuwa jeupe, kisha kijivu, kisha jeupe.
Mtu akatania, wazee wakacheka, kahawa ikamiminwa.
Jua halikutoka.

"Mawingu," nikasema.
Kinga alikuwa akikunja sahani ya karatasi,
mara moja, mara mbili,
mara nne.
"Mwaka jana lilitoka," akasema, bila kuniangalia.
"Lilifika mpaka hapa."
Akanigusa goti.