Ya Yupi?

Kijiji chetu kinaitwa Maziwang'ombe,
na sisi ng'ombe hatuna.
Tuna mbuzi mmoja, Kipaku, wa sikio lililochanika,
na wiki hii tumejifungua sote wawili:
mimi Jumatatu, chumbani, mmoja;
yeye usiku wa kuamkia Alhamisi, bandani, watatu.
Bi Mize, mama mkwe wangu, ndiye mkunga wa pande zote,
tochi ya simu mkononi,
akinawa kila anapovuka ua.

Kumekucha hajalala.
Akanipikia uji wa mtama, pilipili manga imezidi,
akasimama mlangoni mpaka nikaona chini ya bakuli.
Kisha akampelekea Kipaku maji ya vuguvugu
yaliyotiwa pumba za mpunga na chumvi kidogo,
akasimama vilevile, mkono kiunoni,
mpaka naye akaona chini ya ndoo.
"Aliyezaa amepungua," huwa anasema.
"Mjazeni kwanza, ndipo mumkame."

Ardhi yetu ni mawe.
Majani ya huku huota kwa kuomba ruhusa.
Kwa hiyo tangu mimba ya Kipaku ilipoonekana,
shemeji yangu Asaa akitoka chuoni, juzuu kwapani,
hupitia mpakani mwa kina Chumu kukata mlusina,
huokota majani ya mfenesi yaliyopukutika usiku,
na ya muhogo, ambayo Bi Mize huyaanika kwanza
yanyauke, maana mabichi yanaweza kuua.
Siku Asaa akirudi mikono mitupu
nazi hukunwa ili machicha yapatikane,
nasi tunakula samaki wa nazi ambao hatukuwapanga.

Mimi ziwa langu lilikawia.
Siku ya tatu mwanangu anavuta, anaacha, analia,
nami najipapasa kifua
kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.
Dirishani namwona Kipaku,
kiwele kimejaa, ngozi inang'aa.
Nikamwonea wivu mbuzi.
Mle ndani sikumwambia mtu.

Lakini kiwele kina chuchu mbili, na watoto ni watatu.
Madume wawili walishika kila mmoja yake,
vikia vinatetemeka kwa raha.
Wa tatu, jike, mweupe kama tui,
alisimama nyuma, miguu imemtawanyika,
ananyonya goti la mama yake.
Goti!
Nikasahau kwamba mzazi hatoki kabla ya arubaini.
Nikatoka.

Nikamkama Kipaku dang'a kwenye kifuniko cha chupa ya chai,
nzito, ya manjano, kama samli inayoanza kuyeyuka.
Nikachovya kidole, nikakitia kinywani mwa kitoto,
kinywa baridi kama ukuta wa kisima.
Akakaa nacho tu.
Nikachovya tena.
Mara ya nne au ya tano, ulimi ukakumbuka,
ukanivuta kidole kwa nguvu nisizozitarajia
kwa kiumbe kisichozidi uzito wa kibaba cha mchele,
na palepale, wallahi, kwenye samadi,
kanga yangu ikalowa mahali pawili.

Bi Mize alinikuta nimechuchumaa,
nalia, nacheka, nanuka banda.
Alinigombeza tangu uani mpaka kitandani,
maji ya moto, sabuni, kitambaa safi,
na kabla hajamaliza kunigombeza
mwanangu alikwisha kuwekwa kifuani
na nilisikia koo lake likifanya kazi.

Sasa madume hutengwa chini ya tenga
mpaka jike ashibe.
Wanapiga kelele za kudhulumiwa.
Asaa anawahurumia; Bi Mize hawahurumii.

Jioni Faki alipiga simu kutoka Unguja,
sauti inakatika, nyuma yake watu wanagonga misumari.
"Mama, maziwa yanatoka?"
Bi Mize akanitazama mimi,
akatazama banda,
akaihamisha tambuu shavu la pili.
"Ya yupi?"