Masikio ya Mbwa

Kila mwaka, wiki ya kwanza, chuoni Kitangali,
namchora mbwa ubaoni. Namchora vibaya;
safari hii Chilumba kauliza kama ni mbuzi.
Nawaambia: Mrusi mmoja, zamani. Kengele, kisha nyama.
Kengele, kisha nyama.
Halafu kengele tupu, na mate yakamtoka mbwa vilevile.
Wanaandika. Mmoja kule nyuma anapiga mwayo:
"Hayo ya kale, mwalimu. Kwenye mtihani bado yanakuja?"

Yanakuja, nasema. Hata nje ya mtihani.

Nendeni Newala mwezi wa kumi na moja.
Korosho imeshapimwa, imelala ghalani,
mnada umepita, bei imetajwa redioni,
na pesa ziko njiani, njiani, njiani.
Simu ya Bi Somoe inalia *ti!* dirishani;
anauacha mchi kinuni, anaikimbilia.
Ni kampuni ya simu: amejishindia dakika tano.
*Ti!* Ofa ya usiku.
*Ti!* Salio lake halitoshi.
Wiki ya tatu hakimbii tena. Anatwanga.
Hapo, nawaambia, mbwa ameichoka kengele.
Kitabu kina neno lake: kuzimika.

Lakini kitabu hichohicho, chini ya ukurasa,
kwa herufi ndogo ambazo miaka yote niliziruka,
kinasema kilichozimika hakijafa.
Mwache mbwa apumzike siku kadhaa,
kisha piga kengele. Mate hayo.

Habari ya ndoo sijawaambia.

Mama alikuwa akiamka saa tisa usiku
kushuka bondeni (Newala upepo tunao, maji hatuna)
na alfajiri, nikiwa bado mkekani, nilisikia
ndoo ikitua kwenye saruji,
mshikio wa waya ukianguka ubavuni: *kla!*
Kwangu hiyo ilikuwa chai. Ilikuwa: yupo.
Alipokufa, bomba lilikuwa halijafika.
Sasa linatoka Jumanne, na Ijumaa likipenda,
nami nina tenki la plastiki lisilo na sauti.
Miaka kumi na saba. Nilijua nimezimika.

Jana mtoto wa jirani kaangusha ndoo uani.
Koo likanijaa.
Nilipojitambua nimesimama mlangoni,
kikombe mkononi, kitupu, nimekinyoosha.

Mwakani nitamchora tena yule mbwa.
Nitayatengeneza vizuri masikio.