Usiniulize Nitafika Saa Ngapi

Kaka Emmett, umepiga simu mara tatu
ukitaka saa.
Saa sina.
Nina ramani mezani, nimeikandamiza kwa kikombe,
na penseli ninayoitafuna tangu chakula cha jioni,
na Julai, mwezi usio na adabu.

Sikia mpango, ila usiuwekee nadhiri.
Tutaruka McCook saa kumi na moja alfajiri,
mahindi yangali na umande,
hewa bado baridi, nzito,
hewa inayobeba ndege bila kunung'unika.
Saa tatu tuwe tumeiacha Kansas nyuma.
Maana adhuhuri ikifika,
vile vipande vya pamba unavyovisifu kutoka barazani
huanza kusimama.
Wingu lililolala nalivumilia.
Lililosimama silipiti karibu.
Saa nane huwa na kichwa bapa kama fuawe,
saa tisa mhunzi ameshaingia kazini.

Dalili ya mvua ni mawingu, husemwa.
Aliyesema alikuwa chini.
Hakuketi futi elfu sita juu ya ngano iliyovunwa,
kwenye ndege ya viti vinne, mume akikoroma kando,
akiitazama dalili
nayo ikimtazama.

Unasema nitazame rada kwenye simu, nipenye katikati.
Emmett, ile picha ni ya zamani.
Dakika kumi, pengine ishirini.
Ni kumsaka ndama kwa kwato za jana.
Pengo ulionalo limeshazibwa,
na ndani ya lile jekundu kuna mvua ya mawe
inayotoboa bati la ghala, sembuse bawa.
Nitazunguka maili ishirini.
Ishirini zikikosekana, nitageuka.

Nimechora maduara matatu:
Great Bend. Pratt. Enid.
Lyle kauliza, mbona safari imejaa mahali pa kutofika?
Nikamwambia, hizo ndizo safari yenyewe,
huko kwa Emmett ni bahati.
Pratt kuna gari la kuazima, ufunguo umetundikwa msumarini,
lanuka mbwa aliyelowa.
Unaliendesha hadi mjini, unakula,
unalirudisha na mafuta zaidi ya uliyoyakuta,
hakuna anayekuuliza jina.
Nimeshindwa pale mara mbili.
Pai yao ya cheri si haba.

Unamkumbuka Harlan Pospisil.
Rubani kunishinda mimi, mikono yake ilikuwa myepesi
kama ya mtu anayemvua mtoto soksi usingizini.
Ila siku ile alikuwa na saa.
Alimwahidi Doreen saa kumi na mbili, chakula cha jioni,
na kati yake na sahani kulikuwa na ukuta mmoja tu,
wenye mlango, alidhani.
Doreen alipakua saa kumi na mbili kamili.
Mengine unayajua, nawe ulibeba jeneza.

Kwa hiyo kata keki.
Sabini hazitimii mara mbili, umesema, najua,
nimekufungia jemu, mitungi minne, kwenye soksi za Lyle.
Niachie kipande cha pembeni, chenye sukari ya kuumiza meno.
Na simu ikilia kutoka Pratt, usinipe pole.
Uliza tunakula nini.

Sasa ni saa nne usiku.
Lyle kalala na viatu, eti kuokoa muda.
Utabiri wasema dhoruba za usiku zitakufa kabla ya mapambazuko.
Zipo zisizosoma utabiri,
zikaamka nawe, zikadai kahawa.

Nimetoka uani kumwita paka.
Magharibi, mbali sana, kitu kimemeta.
Nimehesabu hadi sitini, hakuna sauti.
Nimehesabu tena.
Paka kaingia mwenyewe.

Nimeondoa kikombe juu ya ramani.
Kimeacha alama ya kahawa, mviringo,
karibu kabisa na nyumbani, juu ya Norton,
ambako kuna kiwanja kidogo na benchi moja.
Nimeiacha hivyo.
Nikaipitishia penseli.